Uliza Msimulizi: Ereshkigal nae ana haki ya kulia

Toleo lililopita niliwasimulia Inanna alivyoshuka kuzimu na meseji zimekuja nyingi, nashukuru sana. Kwa ambae hakuisoma, kwa ufupi ni hivi. Inanna ni mungu wa kike wa Wasumeri, watu wa kusini mwa Iraki ya leo, mungu wa mapenzi na wa vita na wa ile nyota ya Zuhura. Siku moja akatega sikio lake kule chini kwa wafu, akajipamba, akamuaga waziri wake Ninshubur, akaenda kugonga mlango wa dada yake mkubwa Ereshkigal, malkia wa kuzimu, akidai amekuja kwenye mazishi ya shemeji yake Gugalanna. Akapitishwa milango saba, kila mlango anavuliwa kitu, akafika ndani uchi, na bado akaenda kukaa kwenye kiti cha dada yake, majaji saba wakamwangalia kwa jicho la kifo akawa maiti, akatundikwa kwenye kulabu. Siku tatu mchana na usiku. Ndo Ninshubur akazunguka kwa miungu kumlilia, wawili wakakataa, wa tatu Enki akatoa uchafu wa chini ya kucha zake akaumba viumbe wawili, kurgara na galatura, wakaenda kumtoa. Ila kuzimu hakutoki mtu bure, lazima aache mtu wa kushika nafasi yake, na aliyechukuliwa ni mumewe Dumuzi, ambae walimkuta amekaa kwenye kiti cha enzi kavaa vizuri wakati wenzie wote wamejipaka vumbi wanaomboleza. Dada wa Dumuzi, Geshtinanna, akagawana nae mwaka, nusu huyu nusu yule.

Sasa maswali.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Wanafunzi wananiuliza hizi stori nani kazihakikisha maana ni za zamani mno. Halafu kuna meseji inazunguka kwenye simu inasema ile milango saba ni chakra saba, na kwamba sikukuu ya Easter jina lake limetoka kwa Ishtar, yaani huyu Inanna kwa jina lake la Babeli. Niwaambie nini?

Mwalimu, waambie zimeandikwa kwenye udongo, na walioandika nakala nyingi tulizonazo walikuwa ni wanafunzi kama wao. Kweli kabisa. Katika mji wa Nippur, kama mwaka 1750 kabla ya Kristo hivi, vijana waliokuwa wanasomea ukarani walipewa tenzi za zamani wanakili kama zoezi kwenye vibao vya udongo mbichi, kwa ncha ya tete, ndo yale maandishi ya kabari. Kibao kikikauka kinakaa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilianza kuchimba pale mwishoni mwa miaka ya 1880 na vipande vikagawanywa, vingine Istanbul vingine Philadelphia, kwa iyo kuna wakati nusu ya kibao kimoja iko Uturuki na nusu iliyobaki iko Marekani na hakuna anaejua kuwa ni kibao kimoja. Msomi wa Kisumeri, Samuel Noah Kramer, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuunganisha vipande hivo hadi utenzi wa Inanna ukasomeka, mistari kama 400. Na bado una matundu, mahali udongo umemeguka na maneno yamepotea, na mi nikifika hapo huwa nasema wazi hapa kibao kimevunjika. Wanafunzi wako watapenda hilo kuliko ukiwazibia tundu.

Chakra, yaani vituo vya nguvu ndani ya mwili, ni mafundisho ya India, hayamo kwenye utenzi. Mstari hata mmoja haupo. Vitu saba anavyovuliwa Inanna vinatajwa kimoja kimoja, kilemba, shanga za lazuli (lile jiwe la buluu) za shingoni, shanga mbili mfano wa mayai za kifuani, kidani, pete ya dhahabu, fimbo na kamba ya kupimia, na vazi la kitawala, na hakuna kiungo cha mwili hata kimoja. Na hiyo ya Easter nayo ni kufanana kwa sauti tu, mtawa Bede wa Uingereza karne ya 8 alilihusisha neno hilo na mungu wa kike wa watu wake aliyeitwa Eostre, Babeli haihusiki, na sisi wenyewe tunasema Pasaka ambayo asili yake ni Kiebrania. Waonyeshe hapo jinsi ya kukagua meseji, ni somo zuri.

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama Mombasa, tunaandaa mchezo wa kuigiza wa hii stori. Mimi ndo nimeandika. Ereshkigal nimemfanya mchawi mwenye wivu, kucha ndefu, kicheko kibaya, na mwisho Inanna anamshinda. Ile sehemu anayolia nimeitoa maana inachanganya watu, adui akilia watu wataanza kumuonea huruma. Dada, naomba maoni yako kabla hatujaanza mazoezi.

Dada yangu, irudishe. Nakuomba kabisa irudishe, na kama muda wa mchezo ni mfupi kata kwingine kote lakini pale paache.

Ngoja nikueleze kilichomo. Wale viumbe wawili wa Enki wanapenya kwenye tundu la mhimili wa mlango kama nzi, wanamkuta malkia wa kuzimu amelala. Mabega hayana kitambaa, nywele zimesimama kama vitunguu majani. Utenzi unasema ni mama aliyezaa na amelala hoi kwa ajili ya watoto wake. Hausemi zaidi. Wako wanaosoma kwamba yuko kwenye kujifungua, wako wanaosoma kwamba analilia watoto waliokufa, na Kiingereza lazima kichague kimojawapo ila sisi tuna neno moja linalobeba vyote viwili, uchungu. Mama ana uchungu. Acha hivohivo, usifafanue.

Anachosema ni kifupi sana. Kwanza analia kwa neno ambalo kwa Kisumeri ni moyo, na ni ndani, na ni tumbo. Halafu analia kwa lingine ambalo wengine wanalisoma nje, wengine wanalisoma ini. Mi niliandika “Moyo wangu wee!” na “Maini yangu wee!” kwa sababu kwetu maini ndo yanayokatika mtu akiumizwa, hakuna haja ya kumueleza mtu. Na wale viumbe wawili hawambishii, hawamuombi kitu, hawamwambii nyamaza, wanachofanya ni kuitikia tu. Akisema moyo wangu wanasema moyo wako bibi yetu. Akisema maini yangu wanasema maini yako.

Hiyo ni pole. Wanampa pole tu, basi. Wafasiri wa lugha nyingine wanahangaika hapo kuandika wamekuhurumia, wameshiriki maumivu yako, sisi tunayo kila siku mdomoni.

Na angalia Enki alimtuma nani. Galatura maana yake ni gala mdogo, na gala walikuwa waimbaji wa maombolezo wa mahekaluni, watu ambao kazi yao ilikuwa kulia na wanaolia. Angeweza kupeleka jeshi. Enlil na Nanna, wale wawili waliokataa, wao walishasema aliyetamani mambo ya kuzimu abaki kuzimu. Enki akapeleka waombolezaji, kwa sababu kule chini kulikuwa na mfiwa ambae hakuna aliyekwenda kumhani! Hebu rudi mwanzo, Inanna alipogonga mlango alisema amekuja kwa ajili ya mazishi ya mume wa dada yake, halafu alipofika ndani hakutoa hata neno moja la rambirambi, kaenda moja kwa moja kwenye kiti. Mi nilipoliona hilo mara ya kwanza nilisoma tena kutoka juu, stori nzima ikageuka mbele yangu.

Mama yangu mzazi nilimsomea rasimu jioni moja anachambua mchele. Hakuwa anasikiliza sana, anasema mh, mh, anatoa mawe, Inanna na kilemba chake havikumgusa. Nikafika pale Ereshkigal analia mara ya kwanza. Mikono ikasimama juu ya ungo. Akasema, “Pole mama,” kimyakimya, kabla mi sijafika kwenye mstari ambao wale viumbe wanasema. Mama alizika wawili kabla sijazaliwa mimi. Sikumwambia kwamba ndo mstari unaofuata, niliusoma tu.

Kwa iyo akina mama wenu wakilia pale, mchezo utakuwa umefika. Baada ya pole Ereshkigal analainika, anawauliza nyie ni kina nani, anataka kuwapa mto uliojaa maji, wanakataa, anataka kuwapa shamba la nafaka, wanakataa, wanaomba ile maiti iliyotundikwa. Anawapa. Inanna hamshindi mtu, anatolewa kwa sababu mtu mwingine kafarijiwa. Na mstari wa mwisho kabisa wa utenzi, baada ya yote, unamsifu Ereshkigal, unasema sifa zake ni tamu. Inanna ndo mhusika mkuu lakini sifa za kufungia amepewa dada yake. Sasa ukimfanya mchawi huo mstari utaupeleka wapi?

Kucha ndefu lakini ziache, hizo zimo. Zinafananishwa na sululu.

SWALI: Naandika hadithi fupi, niko Mwanza. Mhariri wangu kaniambia nipunguze marudio, eti msomaji wa sasa hana uvumilivu, milango saba yote ya nini, andika “akapita milango mingine sita” basi. Nimfuate?

Nusu nusu. Mhariri anajua kazi yake lakini hapo kapima kwa macho, na hii ilikuwa ya masikio. Kila mlango Inanna anavuliwa kitu, anauliza hii ni nini, anajibiwa nyamaza Inanna, taratibu za kuzimu zimetimia, usizifungulie mdomo. Maneno yaleyale mara saba. Mara ya kwanza ni jibu la bawabu, mara ya tatu inaanza kukera, kufika ya sita unatamani apigane na hapigani. Ukiandika “milango mingine sita” umempitisha kwa gari.

Ila yale marudio mengine, ya Ninshubur, hapo ndo usiguse kabisa. Anarudia ombi lilelile kwa Enlil pale Nippur, kwa Nanna pale Ur, kwa Enki pale Eridu, na msikilizaji alishalisikia Inanna alipokuwa anamuagiza. Baba, usiache binti yako auawe kuzimu, usiache madini yako mazuri yachanganywe na vumbi la kule, usiache lazuli yako ipasuliwe kama jiwe la mwashi, mti wako mzuri ukatwe kama mbao ya seremala. Ukilisoma kwa sauti unaona mara ya pili watu wanalijua, mara ya tatu wanasema na wewe, na wakati Enki anakubali wote mlio pale mmeshakuwa Ninshubur. Sisi tumekua na ngano za kuitikia, mtu wa Mwanza hahitaji kufundishwa hilo. Kama ukurasa unakubana basi fupisha milango ya kati, badilisha urefu wa sentensi, lakini jibu la bawabu liweke mara zote saba hata kama ni peke yake kwenye mstari.

SWALI: Nafasiri kutoka Kiingereza, Nairobi. Nina shida ya maneno matatu: wale askari wanaomfuata Inanna akitoka (galla), kile kinachoitwa me, na kuzimu yenyewe. Pia kurgara na galatura ni wanaume au wanawake? Kiingereza changu kinasema vitu tofauti.

Swali tamu hili, kaa chini.

Nianze la mwisho. Kisumeri hakina yeye wa kiume na yeye wa kike, kama sisi tu. Kinagawa watu upande mmoja na visivyo watu upande wa pili, na wanyama wanaingia huko kwa vitu, hapo ndo tunaachana nao maana sisi simba tunampa a-. Kwa iyo mfasiri wa Kiingereza analazimika kuamua kitu ambacho utenzi haujaamua, wewe hulazimiki, andika wakaingia, wakasema, wakakataa, imeisha. Na ukitazama kitenzi chao utafurahi zaidi. Kwenye matofali ya mahekalu mengi kuna neno mu-na-an-du, maana yake alimjengea, mfalme kamjengea mungu. Neno moja, aliyejenga yumo, aliyejengewa yumo, na kitendo kimekaa mwishoni, yaani jinsi wanavyolifungasha ni kama a-li-m-jengea yetu. Tafadhali lakini usije ukaandika kwamba Kiswahili kimetoka Sumeri, Kisumeri hakina ndugu anaejulikana duniani na kufanana huku kwa muundo siyo undugu. Nalisema kwa nguvu maana hiyo nayo inazunguka kwenye simu.

Kuzimu iite kuzimu, usitafute kwingine. Jehanamu hapana, kule hakuna moto wala adhabu, kuna vumbi na giza na kila mtu anaenda, mwema na mbaya. Kwenye utenzi wa Ishtar ulioandikwa kwa Kiakadi, lugha ya Babeli na Ashuru, wafu wanakula udongo na wamevaa manyoya kama ndege. Kwetu kuzimu ni kwa mizimu ya waliokufa, iko sawasawa.

Galla wengi wanaandika mashetani. Mi naandika askari, kwa sababu neno lenyewe lilitumika pia kwa askari wa kawaida wa kukamata watu, na utenzi unawaeleza kwa njia hiyo, hawajui chakula, hawajui kinywaji, unga wa sadaka hawapokei, zawadi hawachukui, watoto watamu hawawabusu. Yaani hawahongeki. Jini pia nilikataa maana majini kwa imani ya watu wetu wanakula na wanaoa.

Me ndo iliyoninyima usingizi. Ni zile nguvu na kanuni zinazofanya ulimwengu na mji uwe ulivyo, na katika utenzi mwingine Inanna anakunywa pombe na Enki, Enki analewa anampa moja baada ya nyingine, anazipakia kwenye jahazi anazipeleka Uruk, ziko zaidi ya 100, na ndani yake kuna ufalme, useremala, uhunzi, ukarani, busu, uongo, kilio, uporaji wa miji. Yote kwenye kapu moja, mazuri kwa mabaya. Nilijaribu enzi, nikajaribu mila, nikajaribu mizungu ambayo nusu inafaa maana ni mafunzo ya siri ya kupewa, ila inamfunga kwenye unyago. Mwisho nimeacha me kama ilivyo, nikaieleza mara moja tu mwanzoni. Wewe ukipata bora niandikie, nitatumia na nitakutaja.

Na vile vitu anavyovaa vingine vina majina usiviache. Wanja wake unaitwa Mwanaume na Aje. Kidani chake kinaitwa Njoo, Mwanaume, Njoo. Msomaji yeyote mwenye kanga kabatini anaelewa hapohapo.

Jambo la mwisho kwako, miungu wa kike kwenye tenzi hizi mara nyingi wanapewa namna yao ya kusema, inaitwa emesal, ndo waliyoimbia pia wale gala. Bibi kwa Kisumeri cha kawaida ni nin, kwa emesal ni gashan. Ufasiri mwingi unaipotezea hiyo tofauti. Sisi tuna lahaja. Jaribu Ninshubur aseme Kimvita au Kipemba, mabawabu waseme Kiswahili cha ofisini, uone itakavyosikika.

SWALI: Asalaam aleikum Bi Msimulizi. Nakaa Muscat, kwetu Unguja. Stori ni nzuri lakini nina wasiwasi, haya ni masanamu ya watu wa jahilia, kuyasimulia kwa watoto wetu si kuyatukuza?

Waaleikum salaam, na nashukuru umeuliza kwa upole. Mi nasimulia kama habari za watu waliokuwepo, waliokuwa na hofu na mapenzi na misiba, siombi mtu aamini. Na watu wenyewe hawako mbali na vitabu vyetu. Utenzi wa Ishtar, ule wa Kiakadi wa mistari kama 140, uliokotwa kwenye maktaba ya mfalme Ashurbanipal pale Ninawi, karibu na Mosul, na Ninawi ndo watu wa Nabii Yunus. Kwenye Biblia kitabu cha Ezekieli 8:14 kuna wanawake wamekaa kwenye lango la hekalu wanamlilia Tamuzi, na Tamuzi ni huyuhuyu Dumuzi. Nabii analaani, ndiyo, lakini hukielewi anacholaani kama humjui wanayemlilia. Na majirani zako Wairaki hapo Muscat waulize mwezi wa Julai wanauitaje. Tamuz. Wapo Waislamu na Wakristo wanaolitaja jina hilo kila mwaka na imani zao ziko palepale.

Kwa watoto wadogo mi naanza kwa kusema waliamini hivi, naendelea.

SWALI: Niko Dodoma, binti yangu ana miaka 16, amesoma mahali kuhusu Inanna na Shukaletuda akaniuliza. Nilikosa jibu. Hii inasimuliwaje kwa kijana?

Mama, kwanza hongera kwamba alikuuliza wewe.

Kwa wasioijua: Inanna amechoka na safari amelala chini ya mti, mtunza bustani anaitwa Shukaletuda akamuingilia akiwa usingizini, akarudi kujificha pembeni ya shamba. Jua likachomoza, mwanamke akajitazama akajua. Tumia neno lenyewe, alimbaka. Wapo wanaoandika “alimtamani” au “walilala pamoja” na hapo stori inakuwa ya uongo, kwa sababu utenzi wote unaofuata ni swali moja tu la Inanna, nani kanifanyia hivi? Anajaza damu visima vya nchi nzima, wajakazi wanakwenda kuchota maji wanachota damu, wanakunywa damu. Hampati. Analeta tufani. Hampati. Anafunga njia. Hampati, maana baba yake Shukaletuda kila mara anamwambia mwanawe nenda mjini ukajichanganye na ndugu zako, na mji unamficha. Hapo simama na binti yako mzungumze, baba anaejua na mji unaoficha. Hautahitaji kumfafanulia sana.

Mwisho anakwenda kwa Enki, anampata, anamhukumu kufa. Ila anamwambia jina lako halitapotea, litakuwa kwenye nyimbo, mchungaji ataliimba akitikisa maziwa yake. Watu wengi wanaisoma kama zawadi kwake. Mi naisikia tofauti, kwamba alichofanya kitatajwa kwa jina lake na siyo kwa jina la aliyefanyiwa, na wote wawili wasomaji wana haki kwenye hili, binti yako atachagua. Usimpunguzie Inanna hasira pia. Nchi nzima iliteseka kwa kosa la mtu mmoja, na kama binti akiuliza hao wajakazi walikosa nini, ameuliza vizuri, mwambie utenzi haukuwajibu.

SWALI: Fupi tu, kutoka Bujumbura. Hizi tenzi zina mwandishi au ni za watu wote?

Ya kushuka kuzimu haina jina. Ila kuna utenzi wa kumsifu Inanna, mistari 153, wenye jina ndani yake, Enheduanna, binti wa mfalme Sargon wa Akkad na kuhani mkuu wa mungu wa mwezi pale Ur, kama mwaka 2300 kabla ya Kristo. Nakala zilizopo ni za miaka mia kadhaa baada yake kwa iyo wako wasomi wanaobisha kama kweli aliandika mwenyewe, lakini kwamba aliishi hakuna ubishi, Leonard Woolley alichimbua Ur mwaka 1927 akakuta kisahani cha alabasta chenye sura yake na jina lake nyuma, na leo kipo makumbusho ya Philadelphia. Kimevunjikavunjika kikaunganishwa, upana wake kama sahani ya chakula, na yeye kachorwa mrefu kuliko wanaomzunguka, gauni la marinda, mkono mmoja kauinua.

Kwenye utenzi anasema mtu mmoja, Lugal-Ane, kamfukuza hekaluni kwake, anazunguka kwenye miiba, mdomo wake uliokuwa asali umeharibika. Anamlilia Inanna. Halafu karibu na mwisho anaeleza alivyoutunga, kwamba ameuzaa, na anasema kile nilichokuambia usiku wa manane mwimbaji akurudie adhuhuri. Nimeubandika huo mstari juu ya meza ninayoandikia safu hii. Utenzi wake nitausimulia toleo lijalo, pamoja na mahali ulipovunjika.